Mafundi wa Hilux D-4D, acheni kubadilisha nozeli kwa kubahatisha! PIMENI KWANZA

Wakuu, uzi huu una hasira ndani yake, mtanivumilia.

Toyota Hilux Vigo za dizeli za D-4D, yaani injini ya 1KD ya lita 3.0 na 2KD ya lita 2.5, zinamalizwa na gereji zetu wenyewe. Gari inaletwa haivuti mlimani, taa ya cheki injini inawaka. Fundi anasikiliza muungurumo dakika mbili, anatoa hukumu: "Nozeli zote nne zimekufa." Mwenye gari anakopa, ananunua nozeli nne (zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), zinafungwa, gari bado haivuti. Hukumu ya pili inakuwa pampu. Ya tatu tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Pesa ikishaisha ndipo mtu anafungua filta ya dizeli na kukuta imejaa matope. Filta!

Hii siyo injini ya zamani ya Toyota, ile ya 3L wala 5L. Kwenye zile za zamani pampu ilikuwa inasukuma dizeli moja kwa moja kwenda kila nozeli, na sikio la fundi mzoefu lilikuwa linatosha. Kwenye D-4D pampu inajaza reli, yaani bomba la pamoja linalobeba dizeli yenye presha kwa nozeli zote, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ikiwa ya moto, presha ya reli huwa MPa (megapaskali, kipimo cha presha) 30 hadi 40 hivi. Ukikanyaga chini ya mzigo inapanda kupita MPa 100, na 1KD inafika hadi 160. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kusikia tofauti ya MPa 90 na 120. Mashine ya kupima inaionyesha kwa namba, mnayo gerejini, na mnaitumia kufuta kodi za hitilafu tu!

Nikifika hapo kwenye kufuta kodi ndipo damu inachemka. Kodi ni ushahidi. Iandike kwanza, pamoja na zile data zilizogandishwa pale hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini, joto, presha ya reli. P0087 inasema presha ya reli ni ndogo kuliko inayotakiwa. P1229 inasema pampu inalisha kupita kiasi. P0299 inasema tabo haitoi upepo wa kutosha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua nozeli nne".

Chukua kesi ya kila siku: gari tambarare iko safi, ikianza kupanda na mzigo inakata nguvu na kujifunga, yaani kontroli boksi inaizuia isivute. Weka mashine, pakia mzigo, panda nayo mlima msaidizi akiangalia mistari miwili tu: presha ya reli inayotakiwa na presha halisi. Kama inayotakiwa inapanda na halisi inabaki nyuma, dizeli haifiki ya kutosha. Sasa anzia kwenye tanki kuja mbele, usianzie kwenye nozeli kurudi nyuma.

Legeza koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa mfumo uko sawa, baada ya kubonyeza mara kadhaa inakuwa ngumu. Ikibaki laini muda wote, kuna hewa inafyonzwa mahali: klipu imelegea, mpira umepasuka, au oringi ya filta imekaa vibaya. Ili uione hewa yenyewe, funga kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu, washa, angalia mapovu.

Ukimaliza hapo fanya jaribio ambalo halina gharama kabisa, na bado gereji nyingi hamlifanyi. Chukua dumu la lita 10, weka dizeli safi iliyochujwa, chomoa mpira unaotoka tanki pamoja na ule wa marejesho, vyote vitumbukize kwenye dumu. Lifunge imara mbali na ekzosi, endesha. Gari ikivuta vizuri, pampu yako ni nzima na nozeli zako ni nzima. Ugonjwa uko kwenye tanki: chujio la kufyonzea limeziba, au bomba limebonyea chini ya chesisi. Shusha tanki uoshe. Basi.

Kama dumu halikubadilisha kitu na filta ni mpya, ndipo unaitazama SCV, ile vali ndogo iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye pampu, inayopima dizeli ya kuingia. Dalili zake zinajulikana: sailensa inapanda na kushuka, hasa injini ikipata moto, gari inazima ukiachia mafuta ghafla, presha halisi inacheza juu na chini ya inayotakiwa badala ya kuifuata. SCV inabadilishwa yenyewe bila kugusa pampu. Ukishaifunga, tumia mashine kuianzisha upya pampu ili kontroli boksi ijifunze vali mpya, la sivyo utaambiwa "hata hii mpya ni mbovu". Na kama hukutoa maji wala kusafisha tanki, hiyo mpya nayo itakufa. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Dizeli yenye maji au iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaisaga. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji huo ulikuwepo kweli, kwa hiyo msishangae mkikuta uchafu kwenye chupa.

Nozeli zina kipimo chake, tena rahisi. Injini ikiwa ya moto, sailensa, AC imezimwa, fungua kwenye mashine masahihisho ya nozeli kwa kila silinda. Utaona namba nne, kwa milimita za ujazo kwa kila pigo. Kati ya -3 na +3 ni hali ya kawaida. Ikikaribia 5 upande wowote, hiyo silinda ina tatizo. Jumla ya zote nne huwa karibu na sifuri, maana kontroli boksi inampunguzia mmoja na kumwongezea mwingine ili injini itulie. Hata hapo usikimbilie dukani: pima kompresheni ya silinda hiyo kwanza. Silinda dhaifu nayo inaongezewa dizeli, na nozeli inasingiziwa. Kwenye 1KD kuna pistoni zinazopasuka, na nozeli mpya juu ya pistoni iliyopasuka ni pesa iliyotupwa.

Sasa jambo linaloua watu. Kuna mafundi bado wanalegeza nati za mabomba ya nozeli injini ikiwa inaunguruma, ili wajue silinda ipi inamisi (haichomi dizeli vizuri). Acheni mara moja! Hata sailensa, dizeli inayotoka pale inapenya ngozi kama sindano na kuingia kwenye nyama. Kijeraha kinaonekana kidogo, halafu mkono unaoza kwa ndani. Ikimtokea mtu, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumii. Kutafuta silinda inayomisi, mashine ina kipengele cha kuzima nozeli moja moja. Wala msichomoe soketi za nozeli injini ikiwa imewaka, umeme wake uko juu sana kuliko wa betri.

Na mkishathibitisha nozeli ni mbovu, zifungeni kama watu wanaojua wanachofanya. Washa (pete) za shaba za chini ni za kutumika mara moja. Kabla ya kuweka mpya, mulika ndani ya shimo uhakikishe ya zamani haijabaki imeganda chini. Washa mbili zikipandana, nozeli inakaa juu na moshi wa mwako unapita pembeni. Safisha kitako mpaka kaboni yote iishe, na kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu. Kitabu pia kinataka bomba la presha libadilishwe pamoja na nozeli. Zile namba na herufi zilizochorwa juu ya kichwa cha nozeli ya 1KD ziingizwe kwenye kontroli boksi, kila moja kwa silinda yake. Bomba la marejesho liko chini ya kava ya juu, kwa hiyo lipimeni uvujaji kabla ya kufunga. Likivuja, dizeli inashuka kwenye oili, na utaona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka.

Washa zikivuja, masizi yanaingia chini ya kava, yanachanganyika na oili, yanakuwa lami nyeusi. Lami inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha ya oili inaanguka, beringi zinasagika, injini inajam. Mwenye gari anaambiwa "alichelewa kubadili oili". Uongo! Alifungiwa washa kuukuu. Taa ya oili ikichelewa kuzimika asubuhi, shusha sampu siku hiyo hiyo uangalie chujio.

NYONGEZA: Kwa mnaouliza kuhusu moshi mweusi na kukosa nguvu wakati presha ya reli iko sawa, hiyo ni hewa. Angalieni filta ya hewa, kisha mipira ya intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) iliyo juu ya injini. Mipira hiyo ikilowa oili inalainika, inapasuka upande wa chini usioonekana. Msiihukumu sensa ya upepo wa tabo kabla ya kusoma namba yake swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Dar inatakiwa kusoma karibu kPa 100. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 83, na sensa ni nzima kabisa. Zimetupwa nyingi kwa kosa hilo.

Anayetaka msaada kwenye uzi huu aweke: injini ni 1KD au 2KD, kodi kabla ya kufutwa, presha ya reli inayotakiwa na halisi kwenye mlima, na masahihisho ya nozeli zote nne injini ikiwa ya moto. "Gari haina nguvu, nibadilishe nini?" sitaijibu.