Mwanangu katiwa sifuri kwa kuchora bendera nyekundu ya Ngomeni. Kosa lake nini?

Assalaam aleikum wanajamvi, na hamjambo nyote.

Naandika na hasira na sitaificha. Alhamisi mwanangu, yuko gredi ya sita, karudi skuli daftari kalificha ndani ya shati. Nilipolifungua nikajua kwa nini. Waliulizwa wachore bendera iliyokuwa ikipepea Fort Jesus, hiyo Ngome yetu ya Mombasa, kabla ya uhuru. Kachora ukuta wa ngome, kachora mzinga mmoja na mlingoti, halafu kitambaa chote kakijaza nyekundu. Kakoleza krayoni mpaka karatasi inang'aa, ukipitisha kidole unahisi nta. Mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini nyekundu juu ya nyekundu haikuonekana, basi kachukua biro ya buluu akaikata bendera ile kutoka pembe hadi pembe. Sifuri. Pembeni kaandika: "Bendera lazima iwe na alama. Jibu ni bendera ya Uingereza."

Ingekuwa ni hilo tu ningemeza. Lakini alimsimamisha mbele ya wenzake akamuuliza ni nani anayemfunza mambo ya "Pwani si Kenya", ule msemo wa wanaotaka pwani ijitenge. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Usiku kakataa kula, kisha kanijia kitandani: "Baba, kwani sisi si Wakenya?"

Sisi ni Wakenya. Na bendera ile ilikuwa nyekundu.

Mwaka 1895 Waingereza walipoitwaa pwani yetu hawakuinunua wala hawakuiteka kwa vita. Waliandikiana mkataba na Sultani wa Unguja, Hamad bin Thuwaini: wao watawale ukanda wa maili 10 kutoka baharini, lakini nchi ibaki mali ya Sultani. Ndiyo maana bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, sisi wa mwambao tulibaki kuitwa himaya, na jina la serikali likawa refu vile, Koloni na Himaya ya Kenya. Na ushahidi ambao kila mtu aliuona kwa macho, hata asiyejua kusoma, ni ile bendera nyekundu ya Sultani juu ya Ngome. Iliendelea kupepea mpaka 1963. Sikatai kwamba ya Uingereza nayo ilikuwepo mjini. Swali lilikuwa la Ngomeni.

Mamangu kazaliwa Kibokoni, hatua chache kutoka hapo. Anasema walipokuwa wasichana wakitumwa dukani asubuhi walikuwa wakiiangalia ile nyekundu kwanza, wajue upepo umegeukia wapi, kama kusi imeshika au bado. Yeye ndiye aliyemwambia mjukuu wake ikoje. Kwa hiyo mwalimu alipoandika "si kweli" (ndiyo, liko hilo pia, chini ya mchoro) amemwita mamangu mwongo.

Na hili la "lazima iwe na alama" limetoka wapi? Oman kwenyewe, walikotoka hao masultani, bendera ilikuwa nyekundu tupu mpaka 1970. Libya walikuwa na kijani kitupu tangu 1977 hadi 2011, na ilipepea Umoja wa Mataifa kama za wenzao. Nguo tupu nayo ni bendera. Nahodha akiwa mbali baharini hasomi michoro, anaona rangi, na nyekundu juu ya ukuta ule wa mawe ya matumbawe huiona kabla hajauona mlango wa bandari.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa mji wetu una visa vya bendera ambavyo mtoto yeyote angevisikiliza kinywa wazi, na hakuna anayemwambia. Mazrui, ukoo wa Kiarabu, walipokuwa wakiishika Mombasa na wanamhofu Sayyid Said, mtawala wa Oman, walijishonea wenyewe bendera ya Uingereza wakaipandisha Ngomeni, bila Mwingereza yeyote kuwaamrisha! Kapteni Owen wa manowari za Uingereza akafika Februari 1824 akaikuta inapepea, akakubali kuwalinda, akamwacha luteni wake Reitz asimamie mji. Reitz akafa mwaka ule ule. Mnaopanda matatu kwenda Port Reitz kila siku, jina lenyewe ni la huyo. London wakakataa mpango mzima, mwaka 1826 ikateremshwa. Mwaka 1837 Sayyid Said akaingia, na Mazrui hawakuishika Ngome tena. Haya yote ni nguo na mlingoti, na ni siasa nzima ya mji huu ndani yake. Mtoto angeyajua haya angeelewa kwa nini watu hupigania kipande cha kitambaa.

Ijumaa nilikwenda skuli. Nilimwamkia mwalimu kwa adabu, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Hata hakuketi. "Mzazi, mimi nafuata mwongozo wa kusahihisha. Hayo mengine ni siasa, usimwingize mtoto." Nikamwambia, mwalimu, bendera hiyo haikuteremshwa kwa uasi, iliteremshwa kwa makubaliano. Oktoba 1963 yalitiwa saini London baina ya Uingereza, Unguja na Kenya, Sultani akauachia ukanda wake uwe Kenya, na Kenya ikaahidi kulinda dini ya watu wa pwani na mahakama za kadhi. Mahakama hizo ziko katika Katiba ya 2010 hadi leo, kifungu cha 170. Mwenye kuijua bendera nyekundu ndiye anayejua tuliingiaje Kenya, tena kwa heshima. Akaniambia ana kipindi, akaondoka.

Mimi simchukii mwalimu yule. Nachukia woga huu, kwamba mtu wa Mombasa akitaja historia yake kabla ya 12 Desemba 1963 lazima kwanza ajieleze kwamba si mchochezi. Watoto wanakariri nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, ngao na mikuki, vizuri sana, wangu anazijua zote na maana zake. Lakini ngome iko pale pale, wanapelekwa ziara na biskuti zao, wanaonyeshwa mizinga, wanarudi hawajui nini kilikuwa juu ya mlingoti.

Nataka mawili. Mtoto arudishiwe alama yake. Na mwalimu amwambie mbele ya darasa lile lile kwamba hakukosea.

NYONGEZA, saa nne usiku: Aliyeniandikia faragha kwamba "nyekundu ni damu ya watumwa", nimekusoma, ndugu yangu. Biashara ya watumwa ilifanywa chini ya masultani na Mombasa ilikuwa ndani yake, na hilo pia naliweka kwa mtoto wangu bila kulificha. Basi nalo lifunzwe. Likifutwa kwa biro ya buluu litafunzwaje?

Mwenye picha ya wazee wake Ngomeni kabla ya 1963 ambayo mlingoti unaonekana, naomba aiweke hapa. Hata kama haina rangi. Jumatatu saa mbili asubuhi narudi skuli na mamangu, na nataka niwe nayo mkononi.