Robin Williams alichekesha dunia nzima, sonona ilimpataje?

Mkazi wa Magomeni:
Wakuu habari zenu. Kila Agosti ikifika namkumbuka Robin Williams, yule mwigizaji mchekeshaji wa Marekani, alijiua tarehe 11/8/2014 huko kwake California akiwa na miaka 63, mpaka leo roho inaniuma. Sisi tulimjulia kwenye kanda za video, ile Mrs. Doubtfire baba anavaa wigi na gauni anajifanya bibi kizee anatafuta kazi ya uyaya ili tu awe karibu na wanae, nyumba nzima tunacheka na hapo Kiingereza hatujui hata nusu, bibi yangu ndo usiseme. Sasa mtu ana Oscar, ana hela, ana watoto watatu, sonona, huu ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inampataje? Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu, yule ambaye kila harusi anapewa maiki yeye, siku hizi simu hapokei na kutoka ndani hataki. Wale wa "kakosa imani" leo mniache kidogo.

Mama Wawili:
Pole kaka. Sonona alikuwa nayo hilo halina ubishi, na huko nyuma alishasumbuka na pombe na kokeini. Ila Mei 2014 madaktari walimwambia ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka mwili, alipofariki wakachunguza ubongo ndo wakakuta ni ugonjwa wa Lewy, yani kuna protini inajikusanya kwenye seli za ubongo inaharibu kumbukumbu, usingizi, inaleta hofu isiyoisha. Mkewe Susan aliandika 2016 kwenye jarida la madaktari wa ubongo, inatia huruma jamani. Anasema wako Vancouver wanashuti filamu ya Night at the Museum ya tatu jamaa hashiki hata mstari mmoja, wakati miaka mitatu nyuma alicheza tamthilia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo New York, miezi mitano, mistari kibao, hajakosea hata mara moja. Akili ndo ilikuwa jembe lake, anaona linamponyoka na hakuna wa kumwambia ni nini. Amekufa hajui hata jina la kilichokuwa kinamla.

Kijana wa Temeke:
Mi hiyo ya watu kuuliza "marafiki zake walikuwa wapi" siipendi, inawaonea waliobaki. Mwaka 1995 Christopher Reeve, yule Superman, alianguka farasi akavunjika shingo, yuko hoi anasubiri operesheni, mara anaingia daktari na barakoa na gauni la upasuaji anaongea lafudhi ya Kirusi eti kaja kumpima sehemu za nyuma, kumbe Robin! Walisoma wote Juilliard, chuo cha sanaa New York. Reeve akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mtu wa hivyo hakuwa na upungufu wa watu, mke alikuwepo, madaktari walikuwepo, alikuwa mgonjwa tu.

Muuza Simu:
Bongo ndo balaa zaidi, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 kujaribu kujiua ni kosa, kwa hiyo mtu akinusurika ndugu wanaficha wanasema malaria. Ukilalamika unaambiwa jikaze we mwanaume, au umerogwa. Kuna mshkaji wetu Kariakoo, wateja walikuwa wanakuja dukani kwa ajili ya stori zake, akaanza kufungua saa tano, hali, halali, watu wanasema kapata demu mpya. Dada yake ndo alimshika mkono wakaenda hospitali ya Mwananyamala, akapewa dawa na mtu wa kuongea naye. Ilichukua muda lakini yupo, anauza mpaka leo.

Mkazi wa Magomeni:
Asanteni sana. Hiyo Mwananyamala mtu anaenda tu au lazima barua?

Mama Wawili:
Nendeni tu, mapokezi semeni mnataka afya ya akili, ikihitajika zaidi watawapa rufaa ya Muhimbili. Ila muulize wazi wazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii wazo. Akisema ndio usisubiri kliniki, mpeleke dharura usiku huo huo na asiachwe peke yake hata dakika. Kama ana kadi ya bima ibebeni.