Tupeane uzoefu: ni lini ulitambua kwamba Yesu ni mtu kweli, si Mungu tu?

Mvuvi wa Zamani (Mwanza)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanuni ya Imani naijua tangu utotoni, lakini kwa miaka mingi Yesu wangu alikuwa Mungu aliyevaa mwili kama mtu avaavyo koti. Habari za yeye kuchoka na kusikia njaa nilizipita upesi, nikikimbilia miujiza.

Nimevua dagaa Ziwa Victoria miaka sita, upande wa Ukerewe. Ni kazi ya usiku wa giza: unawasha taa, unasubiri wajae, unavuta wavu, unarudia mpaka alfajiri. Siku moja tukirudi, upepo ukageuka. Mawimbi yanamwagikia ndani, tunachota maji kwa ndoo, na mwenzetu mmoja amelala nyuma juu ya nyavu zilizolowa. Tulimpigia kelele, hasikii. Alikuwa amechoka mno.

Nilipofika nyumbani nilifungua Marko 4: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Shetri ni nyuma ya chombo, palepale alipolala mwenzetu. Nilikuwa nimehubiriwa kwamba Yesu alijilaza ili awapime wanafunzi imani. Siamini tena. Alikuwa amefundisha watu kutwa nzima, na mwili ulikuwa umefika mwisho. Mwaka 1986, maji ya Ziwa la Galilaya yalipopungua, ulipatikana mtumbwi wa enzi zile, urefu wake mita 8 na kidogo. Haupishani sana na ule tuliovulia sisi. Katika chombo cha namna hiyo maji yanakupiga usoni. Huwezi kuigiza usingizi.

Na Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala. Sasa yule asiyelala, amelala! Kisha anaamka, anaukemea upepo, unatulia. Mstari wa 38 ni mtu, wa 39 ni Mungu, na ni yeye yule mmoja, hata nguo hazijamkauka. Siku ile nililia.

Leteni na yenu.

Mwalimu wa Watoto

Amina, kaka. Mimi nilifundishwa na mtoto. Nafundisha watoto kanisani, na siku moja nikatoa mfano: Yesu ni kama chai ya maziwa, Mungu na mtu pamoja. Binti mmoja wa miaka tisa akasema, "Mwalimu, lakini hiyo si maziwa tena, na si chai ya rangi tena." Nikakosa la kujibu.

Nilimfuata mchungaji. Akaniambia mtoto amegusa jambo lililowakutanisha maaskofu huko Kalkedoni, mji wa kale katika Uturuki ya leo, mwaka 451. Walikiri Kristo mmoja katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Mfano wangu ulianguka kwenye neno la kwanza tu. Jumapili iliyofuata nilirudi nikawaambia watoto kwamba mwalimu alikosea. Tangu hapo sitoi mfano. Nawasomea Yesu analia kaburini kwa Lazaro, halafu anamwita Lazaro atoke, basi.

Mkwe wa Tanga

Baba mkwe wangu ni Mwislamu, mzee wa heshima sana. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, kule bustani ya Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu alikuwa anamwomba nani?" Nilikaa na swali lile miezi. Nilipomrudia nilimwambia, "Baba, alimwomba Baba yake, kwa sababu mtu asiyeomba bado hajawa mtu kamili, na yeye alitaka kuwa mtu kamili." Mzee hakukubaliana nami, wala sikutegemea. Ila tangu siku hiyo tunaongea haya bila kuogopana.

Mvuvi wa Zamani

@Mkwe wa Tanga, ubarikiwe. Jibu lako nalichukua.

Mama Mapacha

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tukifika "akawa mwanadamu" kwenye Nasadiki huwa tunainama, ila Noeli tunapiga magoti. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya mapacha, miezi minane, magoti hayakunjiki. Kanisa zima likashuka, nikabaki nimeketi. Mmoja akanipiga teke chini ya mbavu, mwingine ana kwikwi. Ndipo nikawaza: Mwana wa Mungu naye alipata kwikwi tumboni. Alimnyima Maria usingizi. Nilikuwa nayasema maneno yale tangu kipaimara, na sikuwahi kuyafikisha hapo.

Dada wa Dubai

Nafanya kazi za ndani huku. Chumba kimoja nilikaa na dada wa Ethiopia, Mwothodoksi wa Tewahedo. Aliniambia jina hilo maana yake ni kufanywa kuwa kitu kimoja. Kanisa lao halikuupokea mtaguso wa 451, ule mkutano wa maaskofu wa Kalkedoni. Wanakiri asili moja iliyoungana, Mungu na mtu humohumo. Mwanzo tulibishana, kila mmoja akimwona mwenzake amepotea, tena kwa Kiarabu cha jikoni.

Kisha mama yangu akafariki, nikanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Usiku yule dada aliketi nami sakafuni, akaweka picha ya Maria na Mtoto juu ya sanduku langu la nguo. Akanionyesha mkono wa Mtoto ulioshika nguo ya mama yake. Akasema, "Huyu anajua mama ni nini." Tulikaa hivyo mpaka saa kumi alfajiri, saa ya kuamka kazini.

Alisharudi kwao. Kila tarehe 7 Januari, Krismasi yao, namtumia salamu.