Karata za mieleka za Raw Deal: pambano la wawili kwa wawili lichezwe vipi?

Mshika Kamba

Salamu kwenu nyote. Kaka yangu anayeishi Marekani aliniletea sanduku la karata za Raw Deal, ule mchezo wa mieleka uliobuniwa na Barron Vangor Toth na kuchapishwa na kampuni ya Comic Images kuanzia mwaka 2000 hadi 2007. Hapa nyumbani tuko wanne tunaoupenda, na mchezo wa mmoja kwa mmoja tumekwisha kuuelewa. Kila mchezaji ana karata ya mwanamieleka wake pamoja na ghala la karata 60. Shambulio lenye madhara 7 humlazimisha mpinzani kufunua karata 7 kutoka juu ya ghala lake na kuziweka kando ya ulingo, na anayetakiwa kufunua ilhali ghala limekwisha amebanwa mabega chini, pambano limemalizika. Madhara ya mashambulizi yako yaliyolala ulingoni yakijumlishwa ndiyo uimara wako, na bila uimara wa kutosha huwezi kucheza mapigo makubwa.

Kinachotushinda ni pambano la jozi. Kwanza tulijaribu kuunganisha maghala mawili yawe moja la karata 120, lakini tukajikuta mmoja anacheza na mwenzake anatazama tu. Kisha tukaruhusu wote wanne wapigane kwa wakati mmoja. Mdogo wangu akaandamwa na watu wawili, akamalizwa kabla ghala la mwenzake halijapungua hata nusu. Sanduku lilikuja na karatasi ya maelekezo ya mchezo wa kawaida peke yake, kwa hiyo ninaomba taratibu ambazo watu wamezicheza kweli mezani. Wenzi wanapokezana vipi, anayesubiri kwenye kona anafanya nini, na uimara ni wa nani?

Kona ya Mashariki

Ndugu Mshika Kamba, nilipokuwa chuoni huko Marekani tulikuwa na meza ya watu wanne iliyocheza jozi kila wikendi kwa miaka miwili, na taratibu ninazokupa ni za meza hiyo, zilizopatikana baada ya kukosea mara nyingi.

Usiunganishe maghala. Utamu wote wa mieleka ya jozi unatokana na umbali kati ya mtu anayepigwa katikati ya ulingo na mwenzake aliyenyoosha mkono kutoka kwenye kona bila kumfikia. Ukiunganisha maghala umeufuta umbali huo, kwa sababu pigo analopata mmoja linakuwa limewapata wote wawili, na hakuna tena sababu ya kupokezana. Kila mchezaji abaki na ghala lake, karata zake za mkononi, karata zake za kando na ulingo wake. Mmoja tu kwa kila upande ndiye halali, na ni yeye pekee anayeshambulia, anayeshambuliwa na anayetumia uwezo maalumu wa mwanamieleka wake. Kane, ambaye mwanzoni mwa zamu yake humtoa mpinzani karata ya juu ya ghala, hana ruhusa ya kufanya hivyo akiwa amesimama kwenye kona.

Kupokezana kuwe na gharama. Sisi tulikuwa tunatupa karata moja ya mkononi ndani ya zamu yetu, baada ya kuchukua karata na kabla ya kucheza shambulio lolote, halafu anayeingia ndiye anayeendeleza zamu hiyo. Kupokezana bure hufanya watu waruke ndani na nje kila zamu, na hakuna anayewahi kuwa hatarini.

Anayesubiri anapumzika, na mapumziko hayo lazima yaonekane kwenye ghala lake. Kila inapofika zamu ya upande wake, anarudisha karata moja kutoka kando ya ulingo na kuiweka chini ya ghala. Hapa tulikosea vibaya mwanzoni, kwa kuwa hatukuweka kikomo. The Rock, kwa uwezo wake mwenyewe, hurudisha karata moja kila zamu akiwa ndani. Ukiongeza mwenzake anayerudisha nyingine kwenye kona, upande huo unapata karata mbili kila zamu pasipo jasho, na michezo yetu ilikuwa inachukua muda wa saa tatu bila mshindi. Tulipoweka kikomo cha karata tano kwa kila pumziko, mambo yakatulia. Ukishafikisha tano hupati kitu tena mpaka uingie ulingoni na kutoka upya.

Kuhusu uimara, kila mmoja ana wake na anapotoka haupotei. Lakini kuna jambo la kuangalia. Kwenye mieleka yenyewe, yule anayeingia akiwa mbichi baada ya mwenzake kuteseka muda mrefu ndiye anayefagia kila mtu, na watazamaji husimama kwa ajili yake. Kwenye karata hali inakuwa kinyume, kwa maana anaingia na uimara sifuri na mapigo yake makubwa yanaozea mkononi. Mchukue Triple H, anayeanza na karata 10 mkononi, nyingi kuliko wote aliokuwa akikutana nao kwenye meza yetu, bila uwezo maalumu wowote; huyo ndiye mtu wa kuwekwa kwenye kona, lakini zile karata 10 hazina faida kama haziwezi kuchezwa. Kwa hiyo tulimruhusu anayeingia kuazima nusu ya uimara wa mwenzake kwa zamu ile ile ya kuingia, na ikiisha anarudi kwenye uimara wake.

Wa kuanza ni upande ambao thamani zilizoandikwa kwenye karata za wanamieleka wake zikijumlishwa ni kubwa zaidi.

Binti Refa

Kaka Mshika Kamba, nakubaliana na karibu yote aliyoyaeleza Kona ya Mashariki, isipokuwa ile nusu ya uimara. Zamu nzima ni nyingi mno. Mchezaji mwenye karata 10 anaweza kucheza mashambulizi matatu au manne mfululizo kama hakuna anayeyazima, yaani kuyakatisha kwa karata ya kuzima, na yote yakipata uimara wa kuazima, pambano linaamuliwa na kupokezana kumoja. Mimi ningeruhusu shambulio la kwanza tu. Likizimwa, bahati yake imekwenda. Likifaulu, linalala ulingoni na tayari linampa uimara wa kwake mwenyewe wa kuendelea nao.

Pia ameacha jambo ambalo kwa kweli ndilo roho ya refa katika mapambano haya, nalo ni mwenzi kuingia bila kuguswa. Sheria ya kawaida inamtaka anayesubiri ashike ile kamba fupi iliyofungwa kwenye kona na aguswe mkono ndipo aingie, lakini sote tumeona jinsi anavyoruka ndani kuvunja kubanwa kwa mwenzake, na refa akamhesabia mpaka tano atoke. Mezani inaweza kuwa hivi: mara moja kwa pambano, anayesubiri anaruhusiwa kuzima shambulio linalompata mwenzake kwa karata ya kuzima iliyo mkononi mwake, iwe inalingana na aina ya shambulio, yaani Step Aside kwa pigo, Escape Move kwa mkamato au Break the Hold kwa kabari. Baada ya hapo refa amemwona, na zamu inayofuata ya upande wao hawaruhusiwi kupokezana. Adhabu hiyo ni nzito kuliko inavyosikika, maana mara nyingi aliyeokolewa ndiye anayehitaji sana kutoka.

Wako pia wanaopenda mtindo wa Meksiko, ambako mwanamieleka akishuka chini ya ulingo mwenzake anaingia moja kwa moja bila kugusana. Ni mtindo mzuri sana kuutazama, ila kwenye karata unaondoa ile gharama ya kutoka, kwa hiyo kwa wanaoanza nisingeushauri.

Na akibanwa mmoja, upande mzima umeshindwa. Msifuate utaratibu wa kutolewa mmoja mmoja kama wa onyesho la mieleka la Survivor Series la 1987, kwa sababu mkiwa wanne maana yake ni kwamba mmoja wenu atakaa nusu ya jioni bila karata. Jozi hubeba jeraha la mmoja wao. Mwezi Mei 2001 Triple H alichanika msuli wa paja katikati ya pambano la jozi, yeye na Steve Austin dhidi ya Chris Jericho na Chris Benoit, akalimaliza pambano hivyo hivyo, lakini ile jozi haikuendelea baada ya usiku huo.

Mshika Kamba

Ninawashukuru sana, nyote wawili. Jana jioni tulicheza kwa taratibu hizi, tukichukua uamuzi wa dada Binti Refa wa kuazima uimara kwa shambulio la kwanza peke yake. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na The Rock na Mankind, jozi iliyoshika mataji mwaka 1999, dhidi ya Kane na Undertaker.

Kuna wakati nilihisi kweli niko mbali na kona. The Rock wangu alikuwa amebakiwa na karata 9 ghalani, Kane akanirushia mkamato wa madhara 8. Nikafunua ya kwanza, si kitu. Ya pili, si kitu. Ya tatu ikawa Escape Move, ambayo huzima mkamato hata ikifunuliwa kutoka ghalani, na shambulio likakoma hapo hapo nikiwa na karata 6. Zamu yangu ikaja, nikarudisha moja chini ya ghala kwa uwezo wa The Rock, nikachukua moja mkononi, nikatupa moja na kumgusa mdogo wangu. Mankind akaingia na ghala la karata 41.

Ndipo tukakwama. Mankind huchukua karata mbili mwanzoni mwa zamu yake, na kwa kuwa anaanza na mbili tu mkononi, mdogo wangu alidai achukue zake papo hapo. Wapinzani wakakataa. Vilevile nilitaka nianze kurudisha karata ya mapumziko mara tu nilipotoka. Tuliamua kwa kupiga kura na kura zikalingana, mbili kwa mbili.

Kona ya Mashariki

Wapinzani wenu walikuwa sahihi kwa yote mawili. Sehemu ya kuchukua karata ilikwisha pita mikononi mwa The Rock, na zamu ni moja hata kama walioitumia ni wawili. Mankind aendelee na mbili alizo nazo, na mwanzoni mwa zamu yenu inayofuata achukue mbili nyingine. Wewe pia ungeanza kurudisha karata zamu hiyo hiyo inayofuata, wala si kabla, kwa sababu katika zamu ile ulikwisha kurudisha moja ukiwa ulingoni. Kumbukeni kwamba kabla zamu yenu haijarudi, Kane anaanza yake kwa kumtoa karata ya juu yule aliye halali wakati huo, ambaye sasa ni Mankind, kwa hiyo ghala lake linashuka hadi 40.

Mkigombana tena kuhusu kura, teueni mtu wa tano awe refa.