Dalali anataka milioni 4.8 za viza ya working holiday Australia nikatunze wazee, naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

BintiMoro
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina miaka 26, nina diploma ya ustawi wa jamii, kwa sasa nipo kwenye kituo cha watoto hapa Morogoro napokea posho, posho yenyewe kuna mwezi inakuja kuna mwezi haiji. Rafiki yangu kanikutanisha na kaka mmoja mwenye ofisi Dar, anasema anapeleka watu Australia kwa viza ya working holiday, ile unakaa likizo huku unafanya kazi, na kwamba ukishafika unaingia moja kwa moja nyumba za wazee kama kea maana kule watu hawatoshi. Bei milioni 4.8, laki 6 nimeshatoa ya fomu, iliyobaki mwisho Ijumaa la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama yuko tayari kuuza kipande cha shamba kule Mvomero na hicho ndo kinachoninyima usingizi. Kazi ya kuhudumia watu naipenda kweli, bibi yangu nilimuuguza mwenyewe miaka miwili baada ya kupooza mpaka alipofariki. Kuna aliyepita njia hii?

Mdau_Perth
Dada usitoe hata mia tena. Niko huku huku Australia. Viza hiyo ipo kweli, ndo maana watu wanaingia mkenge, ni namba 417 na 462, ila wanapewa wenye pasipoti za nchi zilizokubaliana na Australia kama Uingereza, Ujerumani, Japani, Korea Kusini, Brazil, Indonesia. Afrika hakuna hata nchi moja, si Tanzania si Kenya. Orodha iko kwenye tovuti ya uhamiaji ya Australia unaisoma bure kwa simu yako. Kazini kwetu waliokuja nayo ni Wafaransa na Waitaliano, na hata wao kwa kawaida mwisho kwa mwajiri mmoja ni miezi 6. Muulize huyo kaka viza ni namba ngapi na Tanzania imeandikwa wapi.

Jirani_TMK
Tusimkatishe tamaa jamani, mbona kuna watu wametoka kupitia madalali na leo wanajenga?

MamaK_Leicester
Jirani, waliotoka walitoka kwa viza iliyokuwepo. Mimi ni mmojawapo. Nilikuja Uingereza 2004 kwa viza ya jina hilo hilo, enzi hizo walikuwa wanapewa vijana wa Jumuiya ya Madola wa miaka 17 mpaka 30, Watanzania na Wakenya tumo. Wakaifunga mwishoni mwa 2008 na iliyokuja badala yake sisi hatumo. Halafu kuna ile ya makea wanaodhaminiwa na mwajiri, walitufungulia Februari 2022, Machi 2024 wakakataza makea wapya kuja na mume au watoto, na tangu 22 Julai 2025 wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza hawapokelewi tena. Kwa hiyo BintiMoro mwanangu, akikugeuzia kibao akasema basi twende Uingereza, ujue ni uongo ule ule.

Na kazi yenyewe nikwambie maana hao hawawaambii. Nilikuwa na bibi mmoja hamezi vizuri, chai yake tunatia unga maalumu mpaka inakuwa nzito kama uji, unampa kijiko kimoja, unaangalia koo mpaka limeze, ndo unampa cha pili, ukiharakisha inaingia kwenye mapafu. Kikombe kimoja dakika 20 na huku kengele za vyumba vitatu zinalia kwa pamoja na mko wawili zamu nzima. Mgongo wangu leo ndo unanidai. Wewe uliyeuguza bibi yako unajua ninachosema, kazi hii inataka mtu kama wewe, ila usiinunue kwa shamba la mama yako.

Mkilifi_Ujerumani
Dada angalia Ujerumani. Mimi natoka Kilifi, niko mwaka wa pili wa ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi, ni miaka 3, unasoma huku unalipwa, kwenye hospitali za umma mwaka wa kwanza ni zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Kizingiti ni lugha, ngazi zinaanzia A1, waajiri wengi wanataka B2 ambayo ni ya nne, na hiyo hakuna dalali wa kukununulia, utakaa chini usome. Kuna pia mwaka wa kujitolea, unafanya kwenye nyumba za wazee au kwa watu wenye ulemavu, unapata hela ya matumizi na mara nyingi pa kulala. Iko ya aina mbili, ya vijana inaitwa FSJ, uianze hujafikisha 27 kwa hiyo kwako muda umebana, ila ya pili, BFD, haina mwisho wa umri. Ada ya viza ni euro 75. Kwetu Kenya mkataba na Ujerumani ulisainiwa Septemba 2024, watu wakatangaziwa eti kazi 250,000, Wajerumani wenyewe wakakanusha, lakini madalali walikuwa washaanza kukusanya pesa za watu.

Mdau_Perth
Na hiyo laki 6 idai kwa maandishi, tunza meseji zote za muamala. Wakala wa ajira Tanzania lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, mwambie akuonyeshe, akikwepa nenda polisi.

BintiMoro
Asanteni sana, nimesoma yote nimelia kidogo. Nimempigia nikamuuliza namba ya viza, akasema mambo ya namba niachie mimi, nilipomwambia Tanzania haipo kwenye orodha akakata simu, mpaka sasa hapokei. Mama nimemweleza, hajasema kitu, kaichukua hati ya shamba mezani kairudisha kwenye sanduku la kanga. Kesho naenda polisi na meseji zangu.

Shangazi MamaK nimekuelewa ile ya chai, bibi yangu tulikuwa tunamfanyia kwa uji wa ulezi.

Mkilifi, pale Goethe ya Upanga, Dar, wanapofundisha Kijerumani, naweza kusoma Jumamosi tu? Nitapanda SGR asubuhi nirudi jioni. Au kama kuna mtu anafundisha Kijerumani hapa Moro, A1 kabisa sijui hata kusalimia, naomba anifuate inbox.