Mafua ya mlipuko yakija, shule zifungwe au zisifungwe?

Mleta mada (mwalimu wa msingi, Dar)
Wakuu, najua nitatukanwa, lakini nasema: likitangazwa janga la mafua makali, shule zifungwe mapema, kabla hospitali hazijajaa, kwa wiki tatu au nne.

Tangu korona, kufunga shule kumekuwa kama tusi, na wengi tunaitazama Uganda: walifunga Machi 2020, wakafungua kabisa Januari 2022. Ila korona na mafua si ugonjwa mmoja. Korona iliwaandama wazee. Mafua wasambazaji wake wakubwa ni watoto. Nina darasa la tatu, watoto 94, dawati la watatu wanakaa wanne, na ndoo ya maji ina kikombe kimoja kilichofungwa kamba. Jumatatu mmoja anafuta kamasi kwa mkono wa shati. Alhamisi nikiita majina, safu nzima ya dirishani kimya. Wiki inayofuata nasikia bibi zao wamelala.

Uingereza mwaka 2009, mafua ya nguruwe yalipanda hadi Julai, shule zikaenda likizo, wagonjwa wakapungua. Septemba watoto wakarudi darasani, na mafua nayo yakarudi. Na janga la 1918 huko Marekani: Philadelphia waliruhusu gwaride la watu wapatao 200,000 tarehe 28 Septemba, wakaja kufunga shule siku chache baadaye, maji yamefika shingoni. St. Louis walifunga shule, makanisa na kumbi za starehe mara tu wagonjwa wa kwanza walipoonekana. Kiwango chao cha vifo kilikuwa karibu nusu ya kile cha Philadelphia.

Mama wa genge
Mwalimu, heshima yako, ila hao watoto ukiwafukuza wanakwenda wapi? Nyumba yetu ina vyumba sita, wapangaji sita, choo kimoja. Wanangu watashinda uani na watoto wa wenzangu, jioni banda la video. Kikohozi hujakizuia, umekihamisha. Na hiyo Uganda usiipite haraka hivyo: wasichana walipata mimba, wengine hawakurudi tena shuleni. Nao walianza kwa kuambiwa ni siku 30 tu.

Konda
Mnaanza na shule, daladala mnaiacha? 2020 tuliambiwa level siti, abiria asisimame. Asubuhi tulitii. Saa kumi na moja jioni abiria wenyewe walipanda kwa dirishani.

Muuguzi
Mama wa genge ana hoja, na mwalimu ana hoja. Mtu wa mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na mtoto huendelea kuambukiza muda mrefu kuliko mkubwa. Kwa hiyo kumrudisha nyumbani anayekohoa tu ni kuchelewa, ingawa ni lazima umrudishe. Kufunga hakuui ugonjwa, kunanunua muda. Mwaka 2009 kirusi kilitambuliwa Aprili, chanjo zikaanza kutolewa Septemba na Oktoba, na nchi maskini zilisubiri zaidi ya hapo. Wiki nne haziwezi kukufikisha kwenye chanjo. Zinachoweza ni kufanya wodi ipokee wagonjwa kidogo kidogo badala ya wote siku moja. Mtungi wa oksijeni ukiwa mmoja na wagonjwa ni watano, hiyo si tofauti ndogo.

Mleta mada
Muuguzi, asante. Mama, la uani umenishika, na la siku 30 pia. Basi nairekebisha hoja yangu: tangazo la kufunga litoke na tarehe ya kufungua humo humo, na ikifika ifunguliwe, hata kama bado kuna wagonjwa wachache. Konda, la daladala lianzishie uzi wake, nitakuja.

Mama wa genge
Tarehe nimekubali. Na uji wa saa nne? Wangu wawili ndio kifungua kinywa chao, nami nimeshauchangia hadi mwisho wa muhula.

Mleta mada
La uji sina jibu, mama. Kesho namuuliza mwalimu mkuu kama unga unaweza kugawiwa kavu.