Mrejesho: taa za mbele za Corolla 2003 zilizogeuka njano

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa kama dawa ya meno inatosha. Haitoshi: inang'arisha juu tu, wakati tabaka la kiwandani la kuzuia jua limeshakufa na lazima litoke lote.

Kilichofanya kazi ni msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, bodi ikiwa imezibwa kwa tepu ya karatasi. Kila namba iondoe mikwaruzo ya iliyotangulia. Maji yakitoka ya njano, endelea na 800. Yakiwa meupe, panda namba.

Baada ya hapo hakuna polishi, maana mafuta yake huzuia klia (vanishi angavu ya kupulizia) kushika. Futa kwa spiriti (thina hupasua plastiki), pulizia klia yenye kinga ya jua, tabaka 2 nyembamba. Bila klia, njano inarudi haraka.